Mawe ya Kusagia ya Nyololo

Basi lilinishusha Nyololo saa mbili usiku, mwishoni mwa Juni, na baridi ikanipokea kabla ya mwenyeji wangu. Aliyewahi kulala Mufindi majira hayo anaijua: alfajiri umande huganda juu ya nyasi ukawa mweupe kama chumvi, na mtu mzima hutembea amejifunga blanketi wala hakuna anayemshangaa. Kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, akina mama walikuwa bado wameketi nyuma ya ndoo za viazi mviringo zilizopandishwa kichuguu. Kila gari lililopunguza mwendo karibu na njia panda ya Igowole na Mgololo lilizungukwa. "Kamwene!" aliniita kijana aliyenipokea begi, nami nikaitika kamwene, neno pekee la Kihehe nililokuja nalo.

Nilikuja kupumzika nyumbani kwa mama mzazi wa mwalimu mwenzangu, lakini begini nilibeba kazi. Ninafundisha historia kidato cha tano, na muhula uliokuwa mbele yangu ulikuwa wa ukabaila wa Ulaya, maisha ya Zama za Kati, ile miaka elfu moja hivi kati ya kuanguka kwa Roma mwaka 476 na safari ya Columbus mwaka 1492. Kabla ya shule kufungwa niliwaomba wanafunzi wachore mtu mmoja tu wa zama hizo. Walinichorea wapanda farasi waliovaa chuma, ngome zenye minara, wafalme wenye mataji. Hakuna aliyechora jembe. Na karibu watu tisa katika kila kumi wa Ulaya ya wakati ule walikuwa wakulima.

Siwalaumu. Hata mimi, basi lilipopita Lugalo, kwenye kumbukumbu ya vita vya Wahehe na Wajerumani vya tarehe 17 Agosti 1891, nilisahau kila kitu nikawaza ukuta wa mawe wa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kule Kalenga, ulioshindwa na mizinga ya Wajerumani Oktoba 1894. Kutoka Kalenga mawazo yakaruka hadi Constantinople, ambako kuta zenye umri wa miaka elfu moja zilishindwa na mizinga ya Waturuki mwaka 1453. Ngome huvuta macho. Ila waliokuwa ndani ya ngome walikula kila siku, na chakula chao kilitoka shambani kwa mtu ambaye hakuna aliyemchora.

Mtu huyo nilikutana naye asubuhi yake, nyuma ya jiko.

Mama alikuwa amepiga magoti anasaga ulezi. Jiwe la chini lilikuwa bapa, refu kama mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, limechimbika katikati kwa kusagiwa hata likafanana na mtumbwi. La juu lilikuwa dogo, la kushikwa kwa mikono miwili. Alikuwa akilisukuma kwa uzito wa mwili mzima, analivuta, analisukuma, na unga wa kahawia unadondokea kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje? Baridi haijakuondoa?"

Mawe yale aliachiwa na mama mkwe wake, naye aliachiwa na mkwewe. Mahindi anapeleka mashineni kama watu wote, lakini ulezi wa uji wa wajukuu na kimea cha pombe havipeleki. Mashine, alisema, huupa ulezi ladha ya mahindi ya mtu aliyetangulia. Niliomba nijaribu. Katika robo saa nilipata konzi mbili za unga wenye chenga, na mabega yakaniuma hadi jioni. Zamani, akaniambia, mwanamke mwenye nyumba ya watu kumi aliamka jogoo la kwanza, akasaga hadi kuche, kisha ndipo akashika njia ya shamba.

Pale pale somo langu likaanza kusimama kwa miguu yake. Mahindi na viazi, hivi vinavyoifanya Nyololo ijulikane na kila dereva wa lori, asili yake ni Amerika; vilivuka bahari baada ya Columbus. Kabla havijafika, vilima hivi vilikuwa vya ulezi, na jiwe lile ni mrithi wa enzi za ulezi. Vivyo hivyo mkulima wa Ufaransa au Ujerumani wa mwaka 1200 hakuwahi kuona hindi wala kiazi. Alipanda ngano, rai, shayiri na oti, na alichokula siku nyingi ni mkate mweusi na mchuzi mzito wa nafaka na kunde uliochemka chungu kimoja. Gunia moja la mbegu lilimrudishia matatu, mwaka mzuri manne. Moja kati ya hayo lilikuwa mbegu ya mwaka ujao, haligusiki. Katika yaliyobaki, kanisa lilichukua zaka ya kumi, na bwana mwenye ardhi alichukua chake.

Mama alitaka kujua huyo bwana alichukua nini hasa. Nikamweleza kuhusu mtwana, mkulima aliyefungwa na ardhi. Hakuuzwa sokoni kama mtumwa, lakini hakuwa na ruhusa ya kuhama. Sehemu nyingi alilima shamba la bwana siku mbili au tatu kila wiki, kabla ya kugusa lake. Akimwoza binti yake, alimlipa bwana. Akifa, bwana alichagua mnyama bora zizini akaondoka naye.

Mama aliacha kusaga. "Ng'ombe wa marehemu? Na mjane abaki na nini?"

Nimefundisha jambo hilo miaka mingi, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali hilo. Mjane alibaki na ng'ombe wa pili, kama alikuwepo.

Tulizungumza sana juu ya njaa. Hapa miezi migumu ni Januari na Februari, ghala limekwisha na mahindi shambani bado mabichi. Ulaya ilikuwa miezi ya mwisho kabla ya mavuno ya kiangazi chao, nafaka ya mwaka jana imeisha na ya mwaka huu bado haijakauka. Mwaka 1315 mvua ilinyesha bila kukoma, nafaka ikaoza shambani, mwaka uliofuata vivyo hivyo, na njaa ile ikadumu hadi 1317 ikiua watu kutoka Uingereza hadi Poland. Wakulima walikula mbegu. Mama alitikisa kichwa aliposikia hilo. Alisema mtu akila mbegu ameshaaga.

Saa nne tulibeba debe la mahindi kwenda mashineni. Mlango ulikuwa na foleni ya wanawake na watoto, ndoo zimepangwa kwa zamu, mkanda wa mashine unapiga kelele, na kijana anayesaga ana nyusi nyeupe kwa unga. Unalipa kwa debe. Pale kijijini mashine si moja, na mama alinionyesha kwa kidevu nyingine upande wa pili wa barabara: huyu akipandisha bei tunavuka, na wote wakipandisha jiwe liko nyumbani. Aliyasema hayo kwa wepesi, kama jambo la kawaida kabisa. Nikamwomba anipe nafasi nimsimulie habari ya watu walionyimwa jambo hilo hilo, na foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo akina mama wengine nao wakasogea.

Kuna mji uitwao St Albans, kaskazini mwa London, umbali usiozidi kutoka Nyololo hadi Mafinga. Katika Zama za Kati mji huo na mashamba yake ulikuwa mali ya abasia, nyumba kubwa ya watawa Wabenedikto. Abasia ilikuwa na vinu vinavyoendeshwa na maji ya mto. Vinu vya maji vilikuwa fahari ya zama hizo. Sensa ya mali iliyofanywa Uingereza mwaka 1086 ilihesabu zaidi ya elfu tano. Maji yanafanya kazi ya magoti ya mama, na hilo lilikuwa jema. Lakini abasia iliweka sharti kwamba kila mtu asage kwenye vinu vyake, na kwa kila kipimo aache sehemu ya unga kama malipo. Watu walikuwa na vijaa nyumbani, yale mawe mawili ya mviringo yanayozungushwa kwa mkono. Wakaendelea kusaga kwa siri. Ugomvi huo ulipita kutoka kwa baba hadi kwa mwana.

Mwaka 1327 alichaguliwa abate, mkuu wa abasia, aliyeitwa Richard wa Wallingford. Alikuwa mtoto wa mhunzi, yatima aliyelelewa na watawa, akasoma Oxford akawa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne yake. Alibuni saa ya mitambo iliyoonyesha mwendo wa jua na mwezi, wakati saa za namna hiyo zilikuwa ngeni Ulaya nzima. Alikuwa pia na ukoma, na ugonjwa huo ulimuua mwaka 1336. Mtu huyo, mwenye akili zote hizo na mateso yote hayo, ndiye aliyewashinda watu wa mji mahakamani, akawanyang'anya vijaa vyao, akayatumia mawe kusakafia chumba cha mazungumzo cha abasia. Miaka hamsini watawa walikanyaga mawe ya kusagia ya watu.

Akina mama walinyamaza. Mmoja aliuliza kama walipewa mengine.

Hawakupewa. Kati ya 1347 na 1351 likapita pigo la tauni lililoua theluthi moja ya watu wa Ulaya, pengine zaidi. Waliobaki wakajikuta wachache, wakadai ujira mkubwa. Mwaka 1351 bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuurudisha ujira ulipokuwa kabla ya tauni. Kisha, kwa ajili ya vita vya Ufaransa, ikaja kodi ya kichwa, mara tatu ndani ya miaka minne. Nilipotamka kodi ya kichwa bibi mmoja aliyekuwa kimya muda wote aliinua uso, akasema baba yake alikuwa akilala msituni wakaguzi wa kodi wakipita. Juni 1381 wakulima wa kusini mashariki ya Uingereza wakainuka wakaingia London. Watu wa St Albans wakaingia abasia, wakachomoa mawe kutoka sakafuni, wakayavunja vipande, na kila mtu akapewa kipande chake kama mkate uliobarikiwa unavyogawiwa kanisani.

"Walikosea," alisema mwenyeji wangu. "Wangeyabeba nyumbani wakasage."

Nimelifikiria neno lake tangu siku ile. Wako wanahistoria waliolisifu tendo la kugawana vipande, nami nimelisifu darasani. Mtu ambaye amesaga kwa magoti yake anaona kwanza kwamba jiwe zima limeharibika. Pande zote mbili zina haki, lakini yeye alikuwa anazungumza kama mwenye mali. Katikati ya Julai mfalme alifika St Albans na majaji wake. Padri John Ball, mhubiri wa wakulima, alinyongwa pale tarehe 15 Julai, na William Grindcobbe, kiongozi wa watu wa mji, akanyongwa pia. Vinu vikabaki vya abasia.

Nilikuwa nimepanga kukaa Nyololo wiki nzima. Siku ya tatu niliaga, nikapanda gari la Makambako, kisha la Songea. Abasia ya St Albans ilivunjwa na Mfalme Henry wa Nane mwaka 1539, lakini Wabenedikto wenyewe hawakwisha. Wako kusini mwa Tanzania, na nilitaka kuona kwa macho jinsi wanavyoishi kwa kanuni ile ile ya watawa wa St Albans. Njia kutoka Makambako hadi Songea inakaribia kilomita 300. Njombe ni baridi kuliko hata Nyololo, kisha milima ya Lukumburu inakuzungusha kona kwa kona hadi joto linaanza kurudi upande wa Madaba. Abasia yao ya Peramiho iko mwendo mfupi magharibi mwa Songea.

Kengele ndiyo iliyonipokea. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto iliandikwa Italia katika karne ya 6, ina sura 73, na siku yote imegawanywa kwa sala: masifu ya asubuhi, sala ya mchana, masifu ya jioni, sala ya usiku, na katikati yake kazi za mikono na kusoma. Kabla ya saa za mitambo, kengele za abasia ndizo zilizowaambia wakulima wa Ulaya muda wa kuanza na kuacha kazi. Sura ya 53 inaagiza mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe, na mimi nilipewa chumba, maji ya moto na chakula kabla hata ya kuulizwa dhehebu langu. Sura ya 66 inataka ndani ya uzio kuwe na maji, kinu, bustani na ufundi wa kila aina, mtawa asilazimike kuzurura nje. Peramiho ina useremala, uhunzi, uchapaji, mashamba na hospitali kubwa. Mtu anayetaka kuelewa mpangilio wa abasia ya mwaka 1200 apite pale asubuhi ya siku ya kazi.

Katika karakana ya useremala nilimkuta bruda mzee, Mtanzania, anapiga randa ubao wa mlango. Nilimsimulia habari ya mawe ya St Albans. Aliendelea na randa muda mrefu. "Sura ya 57," akasema mwishowe, "inaagiza kazi za mafundi wetu ziuzwe nafuu kidogo kuliko za watu wa nje, ili tamaa isituingie. Kanuni hiyo na wao walikuwa nayo."

Sikumwuliza zaidi, ila ardhi ya pale ina swali lake. Misheni ya Peramiho ilianzishwa mwaka 1898, wakati wa utawala wa Wajerumani, na padri mmoja wa misheni aliharibu kibanda cha mahoka, pepo wa mababu, cha Mputa, Nkosi (chifu) wa Wangoni. Vita vya Majimaji vilipofika mwaka 1905, Wangoni waliichoma misheni. Askofu Cassian Spiss, mwanzilishi wake, aliuawa mwezi Agosti mwaka huo huo akiwa njiani kuelekea Liwale. Wajerumani walijibu kwa kuchoma mashamba na maghala, na njaa ikaua kuliko risasi. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea, Mputa akiwa miongoni mwao. Nduna Songea Mbano, jemadari wao, alinyongwa baada yao. Nilisimama kwenye makumbusho ya Majimaji pale mjini nikiwa na Grindcobbe kichwani. Kuna umbali wa miaka 525 kati ya vifo hivyo, na katika kila kisa watu waliivamia nyumba ya sala kwa sababu nyumba ile ilikuwa imeshikana mkono na mtawala.

Leo watawa wengi wa Peramiho ni Watanzania. Na kinu cha maji kimerudi, safari hii mikononi mwa wanawake: masista Wabenedikto wa Mtakatifu Agnes wa Chipole wamejenga Tulila, kwenye Mto Ruvuma, kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 2015 kikiwa na uwezo wa megawati 5. Umeme wanaliuzia shirika la taifa, unaingia Songea na Mbinga, na unazungusha mashine za kusaga za watu wasiojulikana kwao, wanaosaga wanapotaka. Nawapongeza masista hawa kwa moyo wote. Wametumia urithi wa abasia kwa namna ambayo Richard wa Wallingford, pamoja na hisabati zake zote, hakuiona.

Wakati wa kurudi nilishuka tena Nyololo, usiku mmoja tu. Mama alikuwa amevuna mahindi ya bondeni na uani kulikuwa kumejaa. Nilimweleza ya Peramiho na ya Tulila, naye akasikiliza akipukuchua. Alfajiri nilipokuwa nafunga begi alikuja na kitu amekifunga kwenye kitenge. Lilikuwa jiwe la juu.

"Waonyeshe watoto," alisema. "Lakini ni la kuazima. Wakati wa ulezi nitalihitaji."

Muhula ulipofunguliwa nililiweka mezani, nikawaomba wanafunzi walishike kwa zamu, kisha nikawauliza swali lile aliloniuliza mama: mjane alibaki na nini? Kipindi kizima kilikwisha kwa swali hilo. Ngome tulizifikia wiki ya tatu.

Mwalimu mwenzangu wa historia unayesoma hapa, katika nyumba nyingi za Mufindi na Njombe mawe haya sasa yanazuilia milango au yamejengewa kwenye msingi wa kibanda cha kuku. Muulize mwenye jiwe alisaga nini juu yake, na alilipata kwa nani, wakati bado yupo wa kukujibu. La kwangu ninalirudisha Nyololo mwezi Desemba.